Karatasi Tano na Pasi ya Makaa

Kwa wiki tano nilikula bamia za kuchemsha bila tone la mafuta kwa sababu ya damu isiyokuwa yangu. Nakusimulia wewe mwenzangu, mwenye nyumba, watoto na wakwe, kwa kuwa najua utashika tama na kuuliza swali moja tu: nani aliyepika? Aliyepika ni binti yangu Asha, miaka 21, mwanafunzi wa uuguzi. Tangu siku alipovaa sare kwa mara ya kwanza tunamwita Dokta Nusu. Nusu ya pili, anasema mama yake, iko njiani inakuja na basi la usiku.

Mambo yalianzia Koboko, kwenye harusi. Mke wangu ni Mkakwa wa kule, pembeni kabisa mwa nchi, mahali ambapo ukipiga chafya Uganda anayekuombea afya anaweza kuwa yuko Kongo au Sudan Kusini. Mimi ni Mlugbara wa Arua, na Kiswahili hiki nilikiokota ukimbizini upande wa Aru, Kongo, tulikokimbilia mwaka 1980 vita vilipotufikia. Harusi za Koboko hazina siku ya kwisha. Siku ya tatu bado kuna sufuria jikoni na kuna mjomba anayetafuta kiatu kimoja.

Asubuhi hiyo ya tatu walikuwepo wahudumu wa afya waliokuja kwa siku moja tu, wakaweka meza chini ya mwembe kupima presha, sukari na mafuta ya damu. Dokta Nusu alisimama mlangoni kwa bibi yake, mikono kiunoni.

"Hakuna atakayegusa pilau kabla ya kutoa damu," alisema.

Tukapanga mstari watu watano. Mimi, miaka 58. Mke wangu, Mama Asha, miaka 54. Dokta Nusu mwenyewe. Shemeji yangu Freni, miaka 46, dereva wa lori la mizigo kati ya Arua na Juba. Freni tulimpa jina hilo kwa sababu ndicho kitu asichokuwa nacho: hana freni kwenye soda, hana freni kwenye sigara, hana freni kwenye hadithi. Tangu barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, iwekwe lami, humpigia mama yake simu toka Arua kwamba aweke chai jikoni, na huifikia ingali na mvuke. Wa tano alikuwa huyo mama yao, miaka 76, ambaye wajukuu humwita Bibi Mizani. Jina ni la wajukuu. Kwetu mwanamume hamtanii mama mkwe hata ndotoni. Aliuza ufuta na karanga sokoni miaka mingi, na mpaka leo akimshika kuku miguu atakutajia uzito wake bila kukosea sana.

Kila mtu alipewa kikaratasi chake, chembamba kama stakabadhi ya duka, kimechapwa jina, jinsia na umri juu, na tarakimu chini. Dokta Nusu akavikusanya vyote katika bahasha moja, akaiweka kwenye mkoba wake kama hati ya kiwanja. Jioni tukarudi Arua.

Sasa nikujulishe kwa kitindamimba wangu, miaka 13. Tunamwita Spika, kwa kuwa hakuna jambo la nyumba hii ambalo halijatangazwa naye mtaani kabla ya sisi kumaliza kulijadili. Ni mtoto mwema sana, mwepesi wa kusaidia, na wepesi huo ndio uliotufikisha hapa. Jumapili usiku alibeba chupa ya chai kwa mkono mmoja na vikombe vitano kwa mkono wa pili. Chai ikaikuta bahasha mezani. Spika hakupiga kelele. Alitoa zile karatasi zilizolowa, akazipanga juu ya kitambaa, akachukua pasi ya makaa iliyokuwa ikinyoosha sare yake ya shule, akaanza kuzikausha.

Karatasi za namna ile, mwenzangu, hazichapwi kwa wino. Zinachapwa kwa joto. Mashine huzichoma kidogo pale inapotaka herufi itokee, na ukizipitishia pasi zinageuka nyeusi zote. Spika alizianza zote juu kwenda chini, mstari mmoja baada ya mwingine, na alipoona weusi akainua pasi. Majina yakawa yamekwenda. Jinsia imekwenda. Umri umekwenda. Zikabaki tarakimu tu, safi kabisa, za watu watano wasiojulikana.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "zimekauka."

Waliopima walikwisha ondoka Koboko, na hatukuwa na wa kumpigia. Basi tukaketi mezani kama baraza la wazee, Freni akiwemo kwa vile alilala kwetu, tukagawana damu kwa akili zetu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na lehemu, au kolesteroli kama wanavyoiandika, ya 6.4. Dokta Nusu akatueleza kwamba jumla inayotakiwa ni chini ya 5.2. Macho yote yakanigeukia. Nina mwili, nina miaka 58, ni mwanamume, na napenda muchomo wa mbuzi. Hukumu ikapita bila shahidi.

Ya 5.3 akapewa Freni, kwa ajili ya kuku wa kukaanga wa njiani. Ya 4.9 akapewa Bibi Mizani, kwa hoja kwamba damu ya wazee imekwisha tulia. Ya 4.6 akapewa Mama Asha, kwa kuwa ni mwembamba kama bua la mtama na kila siku anakwenda kwa miguu kwenye kibanda chake cha vitenge sokoni. Ya 4.1, ndogo kuliko zote, Dokta Nusu akaichukua mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Bibi Mizani tulipompigia simu kumweleza alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Mnagawa damu bila mizani?"

Tungemsikiliza, bamia zingeniepuka. Hatukumsikiliza.

Kesho yake utawala mpya ulianza. Mawese ya kutoka Kongo yalifungiwa kabati la juu. Sombe ilikuja mezani bila karanga. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitolewa kitandani kwenda kupanda kilima cha Arua na Spika nyuma yangu akihesabu hatua kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nyama yangu ya mbuzi, mgongo wenye mafuta ambao kwa desturi ya nyumba hii ni wangu, haikutupwa. Ilihamia sahani ya Mama Asha. "Kula wewe, damu yako ni safi," tulimwambia. Mimi mwenyewe nilimsogezea, kwa mapenzi.

Naye katika wiki zile alikuwa akichoka. Akitoka sokoni alikaa kwenye kigoda cha nje kabla ya kuingia ndani. Alisema mgongo unamkaza katikati ya mabega, wakati mwingine mpaka taya. Sisi tukasema ni marobota ya vitenge. Dokta Nusu akasema ni marobota. Freni, ambaye maishani mwake hajabeba robota, naye akasema ni marobota.

Nikueleze tulikotoa ujinga huu, maana una historia. Marehemu baba yangu alikuwa akisema moyo ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi. Hakuyatoa kichwani. Mwaka 1959 watafiti wawili wa Kampala, Shaper na Jones, waliandika katika jarida la Lancet kwamba Waafrika wa Uganda karibu hawakuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kabisa, huku Wahindi wa Uganda wakiumwa kwa wingi na lehemu yao ikiwa juu. Kwa wakati ule ilikuwa kweli. Watu walikula mtama, muhogo, mboga na maharage, wakalima kwa jembe na kutembea. Ila neno la mwaka 1959 tuliendelea kulirithishana huku maisha yakibadilika: mafuta ya kukaangia yakaingia kila jiko, soda kila safari, bodaboda kila kona. Sasa uchunguzi wa taifa umeonyesha takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Uganda ana presha ya juu. Na juu ya neno la baba sisi tukaongeza letu: kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume wanene.

Katika alfajiri zile za kilimani jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa zile karatasi zisizo na majina. Nilimkumbuka mama yangu. Alizoea kunisimulia kwamba nikiwa mtoto mdogo walikuja watu wakanitoa damu, mimi na watoto wa majirani, wakaandika kila kitu daftarini: jina, kijiji, umri. Nilipokua nikaja kuelewa. Kuanzia mwaka 1972 watafiti wa saratani wa kimataifa walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 hapa West Nile. Nyuma yake ilikuwepo kazi ya hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, ambako daktari Ted Williams alikuwa mtunza kumbukumbu hodari. Ndiye aliyesafiri mwaka 1961 na Denis Burkitt na Cliff Nelson kwa gari kuukuu, maelfu ya kilomita mashariki na kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali uvimbe wa saratani wa taya za watoto unapatikana wapi. Miaka ilipopita na watoto wachache kati ya wale 42,000 wakaugua saratani hiyo, watafiti waliweza kurudi kwenye damu ya zamani ya mtoto yule yule na kuisoma. Mwaka 1978 wakachapisha kwamba watoto waliougua walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr damuni tangu kabla ya kuugua. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu mtu aliandika jina na umri wa mwenye kila chupa. Damu ya West Nile imeifundisha dunia nzima, na nyumbani kwangu tumeshindwa kutunza karatasi tano.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, Dokta Nusu alirudi kutoka darasani akaingia jikoni bila kuvua viatu. Katika nyumba ya Mama Asha hilo ni tangazo la msiba. Alizipanga karatasi tano juu ya meza ya kukatia mboga.

"Baba, hii si yako," akasema, kidole juu ya 6.4.

Akatueleza, na safari hii aliongea taratibu kama aliyefika na nusu zote mbili. Tulisoma jumla tu, akasema, tukaacha mistari ya chini. Lehemu husafiri damuni kwa magari ya aina mbili. LDL hutoa mzigo kwenye ini na kuupeleka mwilini, na yakizidi huumwaga kwenye kuta za mishipa. HDL huokota mzigo na kuurudisha kwenye ini. Wavulana na wasichana huanza sawasawa, lakini mvulana akibalehe HDL yake hushuka. Hapo Spika akajishika kifua. Mwanamke hubaki na HDL ya juu kuliko mwanamume karibu maisha yake yote. Ndiyo maana kwa mwanamume huhesabiwa ndogo ikiwa chini ya 1.0, na kwa mwanamke ikiwa chini ya 1.3.

"Sasa tazameni. Karatasi tuliyompa Baba ina HDL ya 1.6. Karatasi tuliyompa Mama ina 0.8, na trigliseridi 3.1. Hiyo 0.8 inanuka sigara na soda."

Freni akatazama dari.

"Na jumla ya 6.4," nikauliza, "mwanamke mwembamba anaipata wapi?"

Dokta Nusu akamtuma Spika akanunue makaa, na gunia la makaa lilikuwa limejaa. Freni akaelewa, akatoka kumsindikiza. Mlango ulipofungwa akasema kwamba homoni ya kike, estrojeni, hulifungulia ini milango ya kuipokea LDL na kuitoa damuni. Hedhi inapokoma homoni hiyo hushuka sana, milango hupungua, na LDL hubaki ikizunguka. Lehemu ya wanaume hupanda ujanani na utu uzima kisha hutulia. Ya wanawake hupanda wakikaribia na kupita miaka hamsini, ikawapita wanaume wa rika lao. Wembamba peke yake hautoshi kukinga hapo.

Mama Asha alikuwa akimenya vitunguu. Aliweka kisu chini.

"Yangu imekoma huu mwaka wa tatu," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile, akatuambia yaliyobaki: kwamba si marobota, kwamba kuna siku pumzi humkata akiwa amekaa tu, kwamba alinyamaza kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa inanihangaikia mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini mke wangu hakuficha. Sisi ndio hatukumpa nafasi ya kusema.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kupimwa upya hapa hapa Arua, wote, na Bibi Mizani akaletwa na lori la Freni, amekaa mbele kama gavana. Karatasi ya Mama Asha ilitoka na 6.5, na presha 162 kwa 98. Yangu ilikuwa 4.7, bamia zilikuwa zimetibu mtu asiyeumwa sana. Freni alikuwa na HDL ile ile ya 0.8. Bibi Mizani alikuwa na 5.3 yake.

Tabibu, mama wa makamo mwenye subira, alimpima Mama Asha moyo na sukari, akachukua maelezo yake ya taya na mabega kwa uzito ambao sisi hatukuutoa. Kwa wanawake, alisema, moyo mara nyingi hulalamika kwa uchovu, pumzi fupi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya, na watu huyaita kazi nyingi. Maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua wanawake wengi zaidi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote. Akatoa chati ya rangi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, ile ya nchi za kwetu mashariki mwa Afrika, inayounganisha jinsia, umri, sigara, presha, kisukari na lehemu. Tarakimu moja peke yake, alisema, haimwambii mtu hatari yake. 4.6 ya Freni inaonekana njema, lakini ni ya mwanamume anayevuta sigara na mwenye HDL ndogo. Katika utafiti mkubwa wa nchi 52, wanaume walipata shambulio la kwanza la moyo wakiwa na umri wa kati wa miaka 56, wanawake miaka 65. Hatari ya mwanamume hutangulia. Ya mwanamke huja nyuma yake, ikifika kimya, na hukuta nyumba haijamwandalia kitu.

Freni alimsikiliza mpaka mwisho. Alitoa pakiti ya sigara mfukoni akaiweka juu ya meza ya tabibu. Sikuapi kwamba hajanunua nyingine, lakini siku hiyo hakuirudia. Bibi Mizani alipoambiwa kwamba chati inaishia miaka 74, aliitazama kwa makini, akairudisha.

"Waongeze mistari," akasema. "Sisi bado tupo."

Mama Asha sasa anameza dawa ya presha na ya lehemu kila jioni, na tabibu anamwita kila baada ya muda. Mgongo wa mbuzi hauna mwenyewe tena nyumbani kwangu. Karanga na ufuta vimeruhusiwa, kwa kijiko na si kwa bakuli. Mawese bado yako kabati la juu, na sitarajii kuyaona chini. Bamia zimebaki. Tunazila wote wawili, na kilima tunakipanda wote wawili, taratibu, tukisimama kila anaposimama yeye. Zamani nilipenda kutangulia njiani. Sasa najua kuwa ukitangulia humsikii anavyohema.

Basi nawe, mwenzangu, kabla hujasema tumbo la nani ni kubwa, angalia mezani. Yupo mwanamke aliyepita miaka hamsini: mke, dada, mama. Yupo na mdogo wako wa kiume anayevuta sigara akijiona bado kijana. Wapime wote, presha na damu, na usimgawie mtu karatasi kwa kumtazama umbo.

Za kwetu tuliziandika upya. Ni daftari la shule, la Spika, kwa kalamu ya wino, limewekwa rafu ya juu mbali na chai na mbali kabisa na pasi. Jina, jinsia, umri, tarehe, presha, tarakimu. Mstari wa kwanza Mama Asha aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, akaupulizia ukakauka kabla ya kufunga.

Bibi Mizani alilinyanyua daftari lile, akalipima uzito kiganjani.

"Sasa," akasema, "imepimwa."